Injini ya Toyota ndani ya Land Rover: hesabu inayosahau mwinuko

Mwenye Land Rover Defender 110 ya miaka ya 1990 anayefanya kazi za watalii kati ya Arusha, Karatu na Serengeti hufika siku moja mahali ambapo injini yake ya 300Tdi, ile ya dizeli ya lita 2.5 yenye turbo, imechoka kabisa: inakula oili, inatoa moshi wa buluu kila asubuhi, na gasketi ya silinda hedi imekwisha kubadilishwa zaidi ya mara moja. Gereji humpa njia mbili. Ya kwanza ni kuifungua injini hiyo hiyo, kuchonga silinda upya, kuweka pistoni na beringi mpya na kuirudisha ilipokuwa. Ya pili ni kuitoa na kufunga 1HZ ya Toyota, ile injini ya lita 4.2 inayoendesha Land Cruiser nyingi tunazoziita mkonga. Njia hii ya pili ina wapenzi wengi, na sababu wanazozitoa si za kubeza. Lakini naona kwamba baadhi ya wanaoichagua wananunua kitu tofauti na kile wanachodhani wananunua.

Tuanze na haki ya 1HZ. Ilianza kutengenezwa mwaka 1990, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haina turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa), haina kompyuta, na pampu yake ya dizeli inafanya kazi kimakanika tu. Bloku na silinda hedi vyote ni vya chuma cha kalibu, jambo linaloifanya ivumilie joto na uzembe kuliko injini nyingi za rika lake. Zaidi ya yote, iko kila mahali: ndiyo iliyofungwa kwenye Land Cruiser za HZJ75, 78 na 79, na kwenye mabasi mengi ya Coaster. Gari likifa katikati ya Serengeti, mwenye gari la jirani huenda ana nozeli, mkanda au angalau fundi anayeijua injini hiyo kwa kuigusa tu. Kwa mfanyabiashara ambaye siku moja ya gari kulala porini humfanya arudishe fedha za wageni, faida hiyo peke yake inaweza kufunga mjadala.

Tena hakuna kufuru yoyote katika kuipa Land Rover moyo wa kigeni, ingawa wapenzi wake wa damu wanaweza kukasirika kusikia hivyo. Jeshi la Australia lilipokea Land Rover 110 zilizofungwa injini ya Isuzu 4BD1 ya lita 3.9 tangu kuundwa kwake, na nchini Afrika Kusini Defender iliwahi kuuzwa ikiwa na injini ya BMW ya petroli ya lita 2.8 yenye silinda sita. Kwa hiyo swali la kama injini ndefu ya silinda sita inaweza kuingia chini ya boneti ile lilikwisha kujibiwa na watengenezaji wenyewe.

Shida inaanzia kwenye neno ambalo husemwa kabla ya mengine yote, yaani nguvu. Watu husikia lita 4.2 dhidi ya lita 2.5, wakaamini kwamba gari litapanda milima kwa nguvu karibu mara mbili. Takwimu za watengenezaji hazisemi hivyo. 300Tdi hutoa nguvu farasi 111 na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa nyutoni mita 265, tena msokoto huo hupatikana kwenye mizunguko 1,800 tu kwa dakika. 1HZ hutoa nguvu farasi takriban 130 na msokoto wa nyutoni mita 285 kwenye mizunguko 2,200. Tofauti ya msokoto ni nyutoni mita 20, na kwa tofauti hiyo mtu amebeba injini nzito zaidi juu ya ekseli ya mbele.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya usawa wa bahari, na gari letu halifanyi kazi Bagamoyo. Arusha iko karibu mita 1,400, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko karibu mita 2,300, mahali ambapo hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na pwani. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo tu. Hewa ikipungua, dizeli inayoweza kuungua vizuri nayo hupungua, na nguvu hushuka kwa uwiano unaokaribiana na huo. Zile nyutoni mita 285 za 1HZ zinaweza kushuka hadi karibu 230 pale juu, wakati 300Tdi, kwa kuwa turbo yake huisukumia hewa, hubaki na sehemu kubwa ya nguvu yake. Kwa maneno mengine, kwenye mlima uleule ambao ndio sababu ya watu wengi kutaka kubadilisha injini, ile ndogo inaweza kuwa ndiyo yenye misuli zaidi. Sijui ni madereva wangapi walioambiwa hivyo kabla ya kulipa.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kuiongezea 1HZ turbo. Inawezekana, na kazi hiyo hufanyika, lakini 1HZ huchoma dizeli kwanza kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi, na turbo iliyofungwa bila kupima joto la moshi inajulikana kwa kupasua hedi kwenye eneo hilo na kuunguza pistoni. Muundo huohuo pia huifanya inywe mafuta zaidi ya 300Tdi, ambayo hunyunyiza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Wanaotaka kuruka hadi 1HD-FTE, ndugu mkubwa mwenye turbo na nyutoni mita 430, wakumbuke kwamba gia boksi ya R380 iliyomo ndani ya Defender ilipewa jina lake kutokana na kikomo cha nyutoni mita 380. Hapo hubadilishi injini tu. Umeanza kujenga gari jingine.

Sasa turudi kwenye swali ambalo gereji hulipita haraka: 300Tdi ya kwanza ilikufa kwa nini? Mara nyingi haikufa kwa uzee wa vyuma. Hedi yake ni ya aluminiamu, na adui yake ni maji kupotea kupitia mpira uliochoka, plagi ya plastiki kwenye rejeta au gasketi ya pampu ya maji. Ubaya ni kwamba kihisi cha joto husoma sawasawa kikiwa kimezama ndani ya maji. Maji yakiisha, mshale unaweza kutulia pale pale au hata kushuka huku hedi inapinda. Dereva hujua habari hiyo baada ya moshi mweupe. Injini inayouawa hivi ikitengenezwa vizuri, ikapewa rejeta safi, mipira mipya na kengele ya kuonya maji yanapopungua, inaweza kufanya kazi miaka mingi. Na 1HZ ikifungwa nyuma ya rejeta ileile iliyoziba, chuma chake cha kalibu kitaichelewesha tu ajali hiyo.

Gharama ya ubadilishaji nayo haiishii kwenye bei ya injini. Kuna bamba la kuiunganisha na gia boksi, flaiwili na klachi zinazokubaliana, vishikio vya kuchomelea kwenye chasisi, bomba la moshi, rejeta kubwa zaidi, na springi za mbele za kubeba uzito ulioongezeka. Bamba likikosewa kwa nusu milimita, beringi ya shafti ya gia boksi ndiyo itakayolipa. Injini yenyewe mara nyingi ni ya mtumba, pengine imetoka kwenye Coaster iliyokimbia miaka mingi mjini, na hakuna anayejua mkanda wake wa taiming ulibadilishwa lini. Kisha ipo kadi ya gari, inayoonyesha namba ya injini na ujazo wake: mabadiliko hayo yanapaswa kufikishwa TRA, na kampuni ya bima nayo iambiwe, kwa sababu gari lililokatiwa bima kama la sentimita za ujazo 2,495 likigunduliwa baada ya ajali kuwa na 4,164, fidia inaweza kuingia kwenye mgogoro.

Kwa maoni yangu, bloku ya 300Tdi ikiwa nzima na fundi anayeifahamu akiwa karibu, kuifufua ndilo chaguo bora kwa gari linalopanda Ngorongoro kila wiki. Ningekubali 1HZ kwa gari ambalo bloku yake imepasuka, linalobeba mizigo kwenye nchi tambarare mbali na mji, na ambalo mmiliki wake tayari ana Land Cruiser nyingine uani, kwa kuwa huyo atakuwa na stoo moja ya spea na fundi mmoja kwa magari yote. Hata kwake ningeomba rejeta ifunguliwe kwanza, kabla ya kreni kuinua chochote.