Panya akinusurika siku 14, je, dawa ni salama?

Sifa inayouza miti shamba Nairobi siku hizi si tena kwamba babu alikunywa akafika miaka mia. Ni kwamba dawa "imepimwa maabara". Muuzaji aliyetandaza magome yake juu ya gunia kando ya barabara, muthiga wa kifua huku na mwarobaini kule, anajua neno hilo lina uzito. Tatizo ni kwamba mnunuzi haambiwi kilichopimwa ni kipi.

Kipimo cha kwanza huwa ni cha sumu ya papo kwa papo. Majani au magome hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa kwenye maji au methanoli (aina ya alkoholi), kisha kioevu hukaushwa hadi libaki dondoo la unga. Kwa mwongozo namba 423 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linalotoa pia miongozo ya kupima kemikali, panya watatu, kwa kawaida majike, hunyweshwa dondoo hilo kwa mrija unaofika tumboni, mara nyingi hadi miligramu 2,000 kwa kila kilo ya uzito. Huchunguzwa kwa siku 14, kisha huuawa na kupasuliwa ili viungo vyao vikaguliwe.

Wanaotetea kipimo hiki wana hoja nzito. Kwa hesabu inayotumika kugeuza dozi ya panya iwe ya binadamu, kiasi hicho kwa mtu wa kilo 60 ni kama gramu 19 za dondoo kavu kwa mkupuo mmoja. Panya akikistahimili, angalau tumejua kikombe kimoja si sumu ya kuangusha mtu hapo hapo. Tena mazoea ya wazee hayatoshi. Mwarobaini unajigamba kwa jina lake kuwa tiba ya magonjwa 40, ila jina halisemi unywe vikombe vingapi, wala mjamzito afanyeje.

Upande wa pili husema panya si mtu, na hawakosei. Thalidomide, dawa waliyopewa wajawazito kutuliza kichefuchefu, haikuwadhuru vijusi vya panya kama ilivyowadhuru watoto wa binadamu. Chokoleti inayomfurahisha mtoto yaweza kumuua mbwa. Na mateso yapo. Kipimo cha zamani, kilichobuniwa na mwanasayansi Mwingereza Trevan mwaka 1927, kilitafuta dozi inayoua nusu ya wanyama, na kiliteketeza wengi. OECD ilikifuta mwaka 2002, ndiyo maana leo tunahesabu panya watatu watatu. Hapa Kenya, majaribio kwa wanyama yanahitaji leseni chini ya Sura ya 360 ya sheria zetu, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Hizo ni hatua za kweli, ingawa panya mwenyewe hana la kushukuru.

Mimi naona kosa kubwa liko kwingine: kupima kitu kimoja na kuuza kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Ubelgiji, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo baada ya kumeza dawa za kupunguza uzito zilizoingizwa kimakosa mmea wa jamii ya Aristolochia. Madhara yalijijenga kwa miezi, kimyakimya. Kipimo cha dozi moja na siku 14 hakikuundwa kunasa jambo la aina hiyo. Sasa mfikirie mgonjwa wetu wa kisukari anayekunywa dawa ya kuchemsha asubuhi na jioni mwaka mzima, juu ya vidonge vya hospitali. Dondoo la methanoli lililopewa panya mara moja linamhusu kwa kiasi gani?

Kipimo kinachokaribia swali lake ni cha siku 28, mwongozo namba 407, ambapo damu hupimwa kuona hali ya ini na figo. Hicho hutumia panya wengi zaidi, angalau kumi kwa kila kundi, na anayewahurumia wanyama ataniona nimegeuka. Lakini naona afadhali kumi wanaojibu swali kuliko watatu wanaopamba lebo. Kamati ya maadili inayoletewa ombi la utafiti ingeanza kwa kuuliza dawa hii huchemshwaje nyumbani, kwa muda gani, na pamoja na nini. Maana jerikeni nyingi za mtaani zina magome ya miti minne au mitano yaliyochemshwa pamoja, na aliyechanganya ndiye pekee anayejua yapi.