Jeni ya mtoto na lawama ya mama

Baba mmoja wa Wete, ambaye mwanawe ana usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na kuchangamana na watu), aliniuliza barazani: akishajua jina la jeni iliyobadilika, mtoto ataanza kusema? Hataanza. Kwa sababu hiyo wengi visiwani huona kuwa kupima vinasaba ni anasa, na kwamba fedha zake zingemfaa zaidi mwalimu wa elimu mjumuisho, anayewasomesha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao, katika skuli iliyo karibu.

Rai hiyo si ya kupuuzwa. Watoto wengi wenye usonji wakipimwa hawakutwi na jeni moja inayoweza kutajwa. Kwao ni tofauti ndogo ndogo nyingi zilizokutana. Hata mabadiliko makubwa yakionekana, hayaagui mustakabali: kipande cha kromosomu ya 16 (moja ya nyuzi zinazobeba vinasaba) kinachoitwa 16p11.2 kikikosekana, mtoto mmoja hupata usonji, mwengine huchelewa kusema tu. Tena maabara hulinganisha matokeo na kumbukumbu zilizojaa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hivyo mtoto wa Kipemba huwa karibu zaidi na jibu lisiloeleweka. Na mazoezi ya kusema hayangoji jibu lolote.

Lakini swali la baba yule lilimtazama mtoto peke yake. Kwetu, mtoto asiyeitika jina lake hufanyiwa kisomo na hunyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa (sina ugomvi na dua), na huku nyuma anayejadiliwa ni mama: alipita wapi magharibi akiwa na mimba, kwao kuna nini, nani kamhusudu. Wala hili si la Waswahili peke yao, kwani katikati ya karne ya 20 wapo madaktari Marekani waliodai kuwa usonji unatokana na mama asiye na mapenzi, na dai hilo lilianza kupoteza nguvu pale tafiti za mapacha, kama ile ya Uingereza ya mwaka 1977, zilipoonyesha uzito wa vinasaba.

Hapa ndipo jina la jeni linapokuwa na kazi. Chukua SHANK3, iliyomo katika kromosomu ya 22, ambayo husaidia kujenga maungio ambapo neva moja hupokea ujumbe wa nyengine. Mtoto aliyepungukiwa nakala moja mara nyingi huwa na mwili mlegevu, na kusema kwake huwa kwa taabu au hakuna kabisa. Mara nyingi upungufu huo ni mpya: haumo katika damu ya baba wala ya mama, bali umezuka yai au mbegu ilipokuwa ikiumbika. Na anayetafuta pa kuelekeza kidole ajue kuwa mabadiliko mapya ya herufi moja moja za vinasaba mengi hutoka katika mbegu ya mwanamume, na huongezeka kadiri umri wake unavyosonga. Sijasikia mawifi wakilijadili hilo.

Kuna hesabu moja ambayo siachi kuirudia. Mtoto akiwa na usonji, uwezekano wa mdogo wake kuwa nao ni takriban mmoja katika watano. Ikithibitika kwamba chanzo ni badiliko jipya, uwezekano wa badiliko hilo kujirudia hushuka hadi karibu mmoja katika mia. Baina ya namba hizo mbili kuna mama anayeogopa kubeba mimba tena, na kuna mume anayeshauriwa aoe kwengine ili apate watoto wazima. Ushauri huo hutolewa kwa dhana tu, na dhana yenyewe yaweza kuwa ya uongo.

Dawa nazo zimo. Katika jeni ya SCN2A, ambayo ikibadilika huweza kuleta usonji na kifafa, baadhi ya dawa za kifafa humfaa mtoto mmoja na zaweza kumzidishia mwengine degedege, kwa kutegemea namna jeni hiyo ilivyobadilika.

Sikatai kwamba jibu laweza kumrudia mama: katika ugonjwa wa kromosomu X tete, ambao huathiri akili na mara nyingi huja na usonji, kwa kawaida yeye ndiye mbebaji, na kila mimba ina nusu kwa nusu ya kurithi badiliko hilo. Hata hivyo huo ni urithi, kama selimundu tuliyoizoea, wala si kosa alilolitenda. Kwa uchache wa fedha, ningeanza na watoto wenye usonji pamoja na kifafa, ulegevu wa mwili au maumbile yasiyo ya kawaida, bila ya kumpunguza mwalimu hata mmoja. Na majibu wapewe baba na mama wakiwa wamekaa pamoja, yasije yakafika kwa mavyaa kupitia mdomo wa mtu mmoja.