Mlipeni Mwalimu Aliye Darasani

Kila ikifika Juni simu yangu haitulii. Wenzangu kazini hapa Leeds, Uingereza, majirani, watu wa kanisani: wote wamesikia kwamba mimi ni wa Nairobi, na binti yao amemaliza masomo ya sekondari, anataka kwenda kujitolea kufundisha watoto wa mitaa ya mabanda wiki tatu kabla ya kuingia chuo kikuu. Je, namjua mtu huko? Siku hizi hata Wakenya wenzangu wananiuliza kwa niaba ya watoto wao waliozaliwa huku majuu. Kwa miaka mingi nimejibu kwa upole na kutoa namba za simu. Mwaka huu naomba niseme ninaloamini: wasiende kufundisha.

Nimeshika chaki ya huko na nimeona kazi ya huku. Nilihitimu ualimu wa P1, yaani cheti cha kufundisha shule ya msingi, nikafundisha miaka mitatu katika shule ya mabati Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Mvua ikinyesha juu ya mabati yale sauti yako haifiki hata dawati la kwanza, basi unaandika ubaoni na kungoja ipite. Mshahara ulikuwa shilingi 4,500 kwa mwezi. Aprili, Agosti na Desemba, miezi ya likizo, hukupata kitu, kwa kuwa mshahara ulitoka kwenye karo, na karo ililetwa na akina mama waliokwenda kufua nguo za watu mtaa wa South B. Wengi husahau kwamba elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure Januari 2003, baada tu ya Rais Kibaki kuingia madarakani, na watoto zaidi ya milioni moja wakamiminika shuleni. Lakini mabandani shule za serikali zilikuwa chache na zimejaa, kwa hiyo mzigo ukabaki kwa hizi shule ndogo za watu binafsi, za makanisa na za vikundi vya mtaa.

Sasa niwaeleze yaliyonipata Leeds. Mwanangu alipoanza shule nilijitolea kuwasikiliza watoto wakisoma, Jumatano mchana, saa moja tu. Nilijazishwa fomu ya ukaguzi wa rekodi za jinai, nikaorodhesha kila anwani niliyoishi kwa miaka mitano, nikapeleka pasipoti, nikangoja. Nilipokubaliwa nilipewa kiti kwenye ujia, mlango wa darasa ukiwa wazi, mtoto mmoja na kitabu kimoja. Cheti changu cha ualimu na miaka yangu mitatu ya Mukuru havikunipa ruhusa ya kushika darasa. Sikukasirika hata kidogo. Nilirudi nyumbani nimetulia moyo, nikijua mwanangu analindwa hivyo. Huku Uingereza sheria hata inakataza darasa la watoto wa miaka mitano hadi saba kuzidi wanafunzi 30 kwa mwalimu mmoja.

Kenya nayo ina sheria. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ya 2012 inasema wazi kwamba asiyesajiliwa na TSC asifundishe. Lakini binti yuleyule wa miaka 18, ambaye shule ya mtaani kwao Leeds haiwezi kumwachia watoto kumi kwa dakika kumi, akishuka uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, Jumamosi, Jumatatu anakabidhiwa Gredi ya Nne nzima Mukuru, watoto sitini. Hakuna anayemuuliza cheti cha tabia njema. Simlaumu mwalimu mkuu. Mgeni huja na tangi la maji, magunia ya mahindi, wakati mwingine mabati mapya, na mwalimu mkuu anajua kwamba akimkatalia darasa, tangi nalo huenda lisije.

Julai mwaka jana nilirudi nyumbani, nikakaa wiki mbili katika shule moja ya Mukuru kabla haijafungwa. (Hili nalo ni tatizo. Shule za Uingereza hufungwa mwishoni mwa Julai, za Kenya mwanzoni mwa Agosti. Mgeni anafika watoto wakiwa kwenye mitihani, na akianza kuyajua majina yao, muhula umekwisha.) Nilikaa nyuma ya darasa na mwalimu wao, nikimsaidia kusahihisha. Mvulana mmoja alinisogelea, na swali lake la kwanza likawa, "Ticha, wewe utaenda lini?" Hakuwa ameniuliza jina.

Nilifungua daftari lake la Kiingereza. Tangu Januari alikuwa ameandika insha kuhusu familia yake mara nne, kwa wageni wanne waliopita. Ya kwanza ilijaa ukurasa: baba aliyefariki, nyanya aliye Kitui, dada mdogo anayependa chapati. Ya nne ilikuwa mistari mitatu, na baba hakutajwa. Daftari la hisabati halikuwa na hesabu za sehemu hata moja, ilhali zilipaswa kufundishwa muhula ule. Kila mgeni alianza upya, kwa majina ya rangi na wimbo, na mwalimu mwenye darasa aliambiwa apumzike. Majuma aliyopumzika hakulipwa.

Miaka ya sitini mambo yalikuwa mengine. Kenya ilikuwa imetoka tu kupata uhuru, shule za sekondari zikifunguliwa na wahitimu wetu wakiwa wachache, na walimu wa Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa watu wa kujitolea, walikuja wakakaa miaka miwili, wakaishi kwenye nyumba za shule, wakala ugali pamoja na wengine. Wazee wetu wengi wanawakumbuka kwa majina, na wana haki. Leo walimu tunao. Wamesajiliwa, wana namba za TSC, na wanauza mitumba soko la Gikomba wakingoja barua ya ajira. Mwaka 2023 serikali iliwachukua maelfu kama wanagenzi katika sekondari msingi kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka uliofuata wakagoma wakidai ajira ya kudumu.

Dada mmoja wa hapa aliniambia kwa uchungu, "Kwani kuwapenda watoto ni kosa?" Si kosa, dada yangu. Mtazame Wawira Njiru. Alikuwa mwanafunzi wa lishe huko Australia, mbali na nyumbani kama sisi, na mwaka 2012 alianza kwa jiko la kulisha watoto 25 Ruiru. Hakumwondoa mwalimu yeyote ubaoni. Aliona watoto wana njaa, akatafuta wapishi.

Kwa hiyo mkinipigia Juni hii nitawaambia hivi. Nauli ya ndege ya kijana mmoja inaweza kumlipa mwalimu wa Mukuru miezi mingi. Mpigie mwalimu mkuu, umuulize anadaiwa mishahara ya miezi mingapi. Omba aandike majina ya walimu na kiasi, tuma kwa M-Pesa ya shule, dai risiti. Lipa Aprili, Agosti na Desemba pia, maana mwenye nyumba hafungi muhula. Kijana akitaka bado kwenda, aende akae nyuma ya darasa, asahihishe madaftari, apike uji na akina mama.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa mwaka jana, mimi na wenzangu watatu tulianza kumlipa yule mwalimu wa Gredi ya Nne. Oktoba, shule zikikaribia kufungwa, alinitumia picha ya daftari la yule mvulana. Kurasa sita za hesabu za sehemu, zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu.