Bei ni pamoja na stendi

Jumapili iliyopita nilikuwa juu ya mbuzi, nakuna nazi, simu ikalia. Binti wa kaka yangu, huu mwaka wake wa sita Ulaya, kanitumia picha. "Shangazi, hiki si kama vile vya kule kwa babu?"

Nikaifungua picha kwa kidole kilichojaa machicha. Kigango, nguzo ya mbao ambayo Wagiriama wa pwani ya Kenya humsimamishia mzee aliyefariki. Kichwa cha duara, kifua bapa kilichochorwa vipembetatu vidogo vidogo, safu juu ya safu, na kule chini, pale mguu unapoingia ardhini, kimekatwa kwa msumeno. Mkato umenyooka kama wa boflo. Kimesimamishwa juu ya chuma cheusi, nyuma ukuta mweupe, na taa imepigwa ubavuni ili nakshi zionekane. Mnada wa mtandaoni. Maelezo yake: nguzo ya ukumbusho, Wagiriama, mbao ngumu, hali nzuri. Bei ni pamoja na stendi.

Nimeona mengi ya kukera, lakini hiyo stendi imeninyima usingizi siku tatu. Mtu amemkata mzee wa watu miguu, kisha akamnunulia ya chuma, na hiyo ya chuma anaihesabu kuwa hisani kwa mteja.

Kila mjadala wa vigango vilivyoko ng'ambo ukizuka, sijui virudishwe, sijui visirudishwe, hoja inayoletwa mbele na wenye makumbusho huko ni ile ile: tumewatunzia. Mngebaki navyo nyinyi vingeliwa na mchwa. Na sisi, badala ya kujibu, tunakimbilia kujitetea kwamba hata sisi tuna makumbusho ya kisasa, tuna vipoza hewa, tuna wataalamu waliosomea. Jamani. Kwani nani alisema kigango kisiliwe na mchwa?

Kigango husimamishiwa mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, aliyekwisha kuzikwa. Mara nyingi safari huanza ndotoni: koma, yaani mzimu wa huyo mzee, anakuja, analalamika baridi, analalamika kusahauliwa, na nyumbani mtoto anaumwa au mvua imekataa. Basi anatafutiwa fundi, anachongwa, anasimamishwa, anafungwa vitambaa shingoni ajisitiri, anamwagiwa pombe ya mnazi. Kuanzia hapo yupo. Mji ukihama, yeye habebwi. Anabaki na jua, mvua na mbuzi wanaokuja kujikuna. Mbao huchukua miaka mingi kwa sababu ni ngumu, ila hatimaye hupasuka, huinama, hulala. Hakuna anayekimbia na rangi wala dawa ya mchwa. Ndivyo mzee anavyomaliza safari yake, taratibu, kwenye udongo wake.

Sasa wewe umemchukua mtu aliyekuwa katikati ya kuondoka kwake, ukamtia kwenye ghala la baridi, ukamwandika namba mgongoni, ukawa unamshika kwa glavu. Halafu unataka shukrani! Hicho unachokiita kutunza, kwetu ni kumzuia mtu mlangoni. Shairi la kale la Kiswahili litunze, nitakupigia makofi; karatasi iliandikwa ili isomwe kesho. Msahafu wa Siyu utunze kabisa. Lakini kigango kina haki ya kuoza, na anayekinyima haki hiyo kwa jina la uhifadhi hajakielewa hata kidogo, hata kama ana shahada tatu.

Msiniambie haya ni mambo ya nadharia. Mwaka 1985 mwanamama mmoja mwanaanthropolojia kutoka Marekani alimpiga picha mzee wa Kigiriama amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Haukupita muda, vikaibwa. Ilichukua hadi mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi, ndipo yule mama akakiona kimoja katika slaidi za mwenzake: kiko kwenye makumbusho ya chuo kikuu huko Illinois. Cha pili kikapatikana Hampton, Virginia. Mzee mwenyewe alikuwa ameshakufa akivitafuta. Mwaka 2007 kimoja kikafika kwa familia, kukawa na ngoma na vigelegele, kisha kikawekewa kizimba cha chuma kisije kikaibwa tena. Nikifikiria hicho kizimba sijui nicheke au nilie. Koma karudi nyumbani, kafungiwa kama jogoo wa kuwekwa kwa ajili ya Idi.

Na hapo ndipo ninapolazimika kusema lile nisilopenda. Vigango havikung'olewa na wazungu. Wazungu walinunua. Waliong'oa ni vijana wetu, usiku, wengine kutoka mji ule ule, wakaviuza kwenye maduka ya vinyago kwa pesa ya kula siku mbili tatu. Kutoka hapo vikavuka bahari, vikaingia sebuleni kwa watu wa filamu wa Hollywood, na walipovichoka wakavigawa kwa makumbusho. Hoteli moja ya ufukweni nilikoalikwa semina mwaka jana ilikuwa na viwili kwenye mapokezi, kimoja mgeni amekitundikia kofia. Nikamuuliza kijana wa pale kama ni vya kweli au vimechongwa kwa ajili ya watalii. "Ni urembo tu, madamu." Jina lake kifuani lilikuwa la Kigiriama.

Halafu hao hao Wamarekani, nakubali kwa shingo upande, baadhi yao wametuaibisha. Makumbusho ya Denver yaliamua kuvirudisha vigango 30, na hakuna sheria iliyowalazimisha. Ile sheria yao inahusu mabaki na vitu vya wenyeji wa Marekani, si vyetu. Makumbusho ya jimbo la Illinois yakarudisha 37, vikakabidhiwa Nairobi mwaka 2023. Na sisi tulifanya nini? Kuna shehena nyingine kutoka California iliyofika uwanja wa ndege wa Nairobi ikakwama, kwa sababu forodha ilitaka ilipiwe ushuru. Ushuru! Babu anarudi kwao baada ya kuibwa, tunamdai kodi ya kuingiza bidhaa. Hata yule wa stendi hakufikia hapo.

Waingereza siwapi nafasi kubwa leo, wanajijua. Ngadji, ngoma ya Wapokomo iliyochukuliwa mwaka 1902, iko ghalani London na haijawahi hata kuwekwa mahali watu waione. Ukiwauliza, wanakuonyesha sheria yao ya 1963, inayoyazuia makumbusho yao kutoa vitu vyake, kana kwamba iliteremshwa mlimani. Waashanti wa Ghana nao mwaka 2024 waliletewa dhahabu yao wenyewe kwa mkopo wa miaka mitatu. Mkopo. Mwizi wako anakuazima kuku wako, na anakwambia tarehe ya kumrudisha.

Kinachonitia hofu zaidi ni neno "kurudisha" lenyewe, maana watu wanadhani likishatamkwa kazi imekwisha. Hotuba zinasomwa, waziri anapiga picha, kisha kigango kinatoka ghala la ng'ambo kinaingia ghala la Nairobi. Kutoka Nairobi hadi Kilifi ni safari ya usiku mmoja kwa basi. Kigango kilichovuka Atlantiki kinashindwaje kufika Ganze, huko Kilifi? Nigeria walau walilikabili swali hili: mwaka 2023 rais wao alitangaza kwamba sanamu za shaba za Benin zinazorudi ni mali ya Oba, mfalme wa Benin. Watu wa makumbusho Ulaya walinung'unika sana. Nung'unikeni. Ukimrudishia mtu ng'ombe wake, hukai mlangoni kuangalia kama atamkamua au atamchinja.

Najua jibu: vingi havina kumbukumbu ya mji vilikotoka. Kweli. Basi vipelekwe kaya, ile misitu yetu mitakatifu, wazee waamue wavisimamishe au wavilaze. Ila wazee wenyewe tunao wangapi? Kilifi hii, mtu akiota mvi na ana shamba zuri, wanawe wanaanza kumwita mchawi. Wameuawa kwa mapanga wazee ambao ndio wangetuambia nakshi ile ni ya ukoo gani, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma, kimbilio la wazee wanaoitwa wachawi, kujificha wasionwe na watoto wao wa kuwazaa. Tunaidai London ngoma, huku tunaua wanaojua kuipiga. Hili sina utani nalo.

Jumatano nilimpelekea baba mdogo ile picha. Ana zaidi ya miaka 80 na jicho moja halioni. Nikaikuza. Akaisogeza simu mbali, akaileta karibu, akauliza, "Ni nani huyu?"

Nikamwambia, "Baba, hawajaandika jina. Wameandika bei."

"Mtu wa wapi?"

Nikasoma tena maelezo yote mpaka mwisho, hadi ile stendi. Hakuna. Akautazama ule mkato wa msumeno kwa muda, akanirudishia simu, akaomba maji ya kunywa.