Jumanne Moja Haitoshi

Ratiba ya vuli ya jumba moja la sinema hapa London imetoka, na nimeisoma ukurasa kwa ukurasa. Ndani yake kuna filamu ya Kiswahili. Imewekwa Jumanne, saa kumi na mbili na robo jioni, ukumbi mdogo wa pili, mara moja tu. Kurasa mbili kabla yake kuna filamu ya zamani ya kutisha ya Kimarekani ambayo kila mtu ameshaiona kwenye televisheni, nayo imepewa maonyesho manne kwa sababu mwisho wa Oktoba ni Halloween. Nimekasirika, na sikutaka hasira ipoe ndipo niandike.

Kwanza ieleweke kwamba nayapenda majumba haya madogo kuliko kitu kingine chochote katika jiji hili. Rio pale Dalston, Phoenix ya East Finchley ambayo imekuwa ikionyesha filamu tangu 1912, Prince Charles pale nyuma ya Leicester Square, Garden Cinema iliyofunguliwa 2022 wakati wengine wote walikuwa wanasema biashara ya sinema imekufa. Januari 2025 Prince Charles ilipotangaza kwamba mwenye jengo anataka kifungu cha mkataba cha kuwaondoa kwa notisi ya miezi sita, watu zaidi ya laki moja walitia saini kupinga, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Ningetia tena leo. Kwa hiyo asije mtu akanijibu kwamba nawashambulia wanyonge. Nawadai, kwa sababu hawa ndio peke yao wanaoweza kulipa. Minyororo mikubwa ya sinema, yale makampuni yenye majumba kila mji, sina hata la kuidai.

Na vuli ndiyo msimu wao. Filamu zinazosubiriwa mwaka mzima huanzia kwenye tamasha la Venice mwishoni mwa Agosti, zikapita la Toronto Septemba, zikatua hapa Oktoba kwenye London Film Festival, tamasha lililoanza 1957, kisha wasambazaji wanaziachia moja moja hadi Februari kwa kuwa macho yao yako kwenye tuzo za BAFTA na Oscar. Saa zinarudishwa nyuma, giza linaingia mapema, mvua haikatiki, na watu wanatafuta pa kukaa wakiwa pamoja. Hakuna wakati mzuri wa kuuza tiketi kama huu.

Afrika nayo inaletwa wakati huohuo, yote kwa pamoja. Tamasha la Film Africa, lililoanzishwa na Royal African Society mwaka 2011, limezoea kuangukia kati ya Oktoba na Novemba, na London Film Festival nayo ina filamu zake kadhaa kutoka bara letu. Waandaaji wa Film Africa nawavulia kofia. Bila wao tungekuwa na sifuri. Lakini tazama kinachotokea. Ndani ya wiki chache tunapata Senegal, Zambia, Kenya, Nigeria, Tunisia, Tanzania, kila moja jioni moja, nyingine mbili, halafu kimya kinashuka hadi vuli nyingine. Mtu anayeishi London kama mimi, mwenye hamu na nauli, bado analazimika kuchagua filamu ipi aikose, kwa sababu mbili zimegongana saa ileile pande mbili za mto Thames.

Niliwahi kumuuliza mpangaji wa ratiba wa jumba fulani kwa nini hawazipi filamu hizi wiki nzima. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba watazamaji hawapo.

Hebu tuliangalie jibu hilo vizuri, maana kila kitu kimesimama juu yake. Katika nchi hii filamu mpya huanza Ijumaa, na wiki ya sinema hukatika Alhamisi. Jumatatu asubuhi wasambazaji na majumba wanakaa na hesabu za wikendi, Ijumaa hadi Jumapili, na hapohapo wanaamua nani anabaki, nani anapunguziwa maonyesho na nani anaondoka. Filamu inajijengea watazamaji hivyo: Ijumaa wanakuja wanaofuatilia, Jumamosi wanakuja walioambiwa na wa Ijumaa, Jumatatu inapata namba, namba zinainunulia wiki ya pili. Sasa niambie, filamu iliyoonyeshwa Jumanne moja ina namba gani ya kupeleka kwenye kikao hicho? Haina Ijumaa, haina Jumamosi, haina mtu aliyeambiwa na mwenzake akapata nafasi ya kwenda. Haikuwahi kupimwa, halafu inaambiwa imefeli mtihani.

Hata ukumbi ukijaa, haisaidii. Filamu siku hizi haiji kwa makopo ya mikanda. Inakuja kwenye diski au inapakuliwa, ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa kidijitali uliotengenezwa kwa ajili ya mashine ya ukumbi ule, wenye tarehe na saa ya kufunguka na ya kujifunga. Ukiomba onyesho la usiku mmoja, unapewa ufunguo wa usiku mmoja. Watu wakibaki nje kwenye mvua, meneja hana uwezo wa kuwaambia warudi kesho. Kesho faili bado limo ndani ya mashine na halifunguki.

Nililiona hili kwa macho yangu. Kwenye onyesho moja la filamu ya Kiswahili niliketi nyuma ya mama mmoja wa Mombasa aliyekuja na binti zake wawili, wasichana waliozaliwa hapa. Mama alikuwa anacheka kabla maandishi ya tafsiri hayajatokea chini ya picha. Mabinti walicheka baada ya kusoma. Baina yao kulikuwa na nafasi kama ya pumzi moja, na kadiri filamu ilivyokwenda niliona ile nafasi inapungua, mkubwa akaacha kuangalia chini, akawa anamtazama mama yake usoni na kucheka naye. Mdogo aliuliza, "Mama, hapo amesema nini?" ilhali tafsiri ilikuwa mbele yake, na mama akamjibu, "Ngoja mwanangu, nitakueleza nyumbani, hawakuiandika yote." Taa zilipowaka, mama yule alimwendea kijana wa mlangoni akamuuliza kesho filamu inaanza saa ngapi, maana alitaka aje na dada yake. Kijana hakuwa na la kumjibu. Alimpa kipeperushi cha filamu za mwezi unaofuata. Nilikisoma begani kwake: hakukuwa na hata moja kutoka Afrika.

Huyo mama ni mtazamaji. Dada yake ni mtazamaji. Wanaosema watazamaji hawapo walikuwa na wawili mlangoni pao na wakawaacha waende.

Na mfano wa kinyume upo hapahapa London, hauhitaji utafiti. Miaka ya 1960 chama cha wafanyakazi wa Kihindi cha Southall kilinunua jumba la sinema la Dominion na kuonyesha filamu za kwao. Watu waliokuwa wanatoka zamu za viwandani walijua kwamba wikendi filamu ipo, na wikendi ijayo itakuwepo nyingine. Hawakuitiwa tamasha. Walizoeshwa. Leo filamu ya Kihindi ikitoka Mumbai Ijumaa, Ijumaa hiyohiyo iko London kwenye minyororo mikubwa, maonyesho kadhaa kwa siku, na hakuna anayeuliza kama watazamaji wapo. Mazoea yalijengwa kwanza, namba zikafuata.

Mtu atasema Wahindi ni wengi kuliko sisi. Ni kweli, ni wengi. Basi nikupe mfano mwingine. Septemba 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha kwa siku saba marufuku dhidi ya *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, ile filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, ili ipate sifa ya kuweza kupelekwa Oscar. Siku saba. Hapakuwa na muda wa kampeni, na wengi waliokwenda walijua wanakwenda kuona kitu ambacho serikali ilikuwa imekikataza. Kumbi za Nairobi zilijaa, maonyesho yakaongezwa. Zile siku saba zilifanya kazi ambayo jioni moja haiwezi kuifanya: watu walikwenda, wakasimulia, waliosimuliwa nao wakapata pa kwenda.

Halafu kuna watazamaji ambao tayari wametengenezwa na vitabu. Amil Shivji alipoipeleka *Vuta N'Kuvute* Toronto Septemba 2021, filamu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa kwenye tamasha lile, alikuwa ameibeba riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wetu tuliisoma sekondari na kuifanyia mtihani. Wahusika wake, Yasmini na Denge, tunawajua tangu tukiwa na sare za shule. Kuna filamu ngapi za Kifaransa zinazokuja London na watazamaji waliokwisha kuipenda hadithi yake miaka ishirini kabla? Na bado za Kifaransa hupewa wiki mbili bila maswali.

Sasa, niwape wenye majumba haki yao, ingawa inanikera kuwapa. Filamu isiyo na msambazaji wa Uingereza ni mzigo. Haina cheti cha umri cha BBFC, bodi inayopanga filamu kwa umri wa watazamaji, na cheti hulipiwa kulingana na urefu wa filamu. Bila cheti lazima uiombe halmashauri ruhusa. Haina mtu wa kutengeneza mabango wala kulipia matangazo. Na jumba lenye skrini moja au mbili limebanwa na wasambazaji wakubwa, ambao wakikupa filamu yao kubwa ya Oktoba wanataka uipe saa zote nzuri kwa wiki kadhaa, au usiipate. Kodi ya jengo nayo haisubiri sanaa. Haya yote nayakubali.

Lakini hakuna hata moja kati ya haya linaloeleza Jumanne. Filamu ikishalipiwa, ikishapata ruhusa ya halmashauri, ikishaingia kwenye mashine, kuiongeza Jumamosi alasiri na Jumapili ni suala la kuomba ufunguo mrefu zaidi na kukubaliana ada na mwenye filamu. Waongozaji wetu wengi wangefurahi kukubaliana. Wanachohitaji ni kuombwa.

Na hiyo saa kumi na mbili na robo jioni, nani aliipanga? Jamii yangu hapa, kwa sehemu kubwa, inafanya kazi za zamu. Tuna wauguzi, tuna walezi wa wazee, tuna madereva wa mabasi, tuna wanaosafisha ofisi baada ya wenye ofisi kuondoka. Saa kumi na mbili jioni ya Jumanne nusu yao wako njiani kwenda kazini na nusu nyingine ndiyo kwanza wanawapokea watoto. Taarifa yenyewe hufika kwenye kundi la WhatsApp siku mbili kabla, mtu akiwa ameipiga picha kutoka kwenye kipeperushi, na majibu huwa yaleyale: jamani niko zamu, itarudiwa lini? Wenzetu wapangaji wa ratiba wanaujua mji huu kwa undani. Wanajua kwamba wastaafu wa East Finchley wanapenda onyesho la mchana, wanajua kwamba wenye watoto wachanga wanahitaji asubuhi yenye taa zisizozimwa kabisa, na wamewawekea. Hilo ni jambo zuri sana. Basi watujue na sisi.

Nimemwandikia yule mpangaji wa ratiba. Sikuomba msaada wala upendeleo, nimeomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wake: filamu ile ihamishwe ianze Ijumaa, ikae mpaka Alhamisi, hata kama ni onyesho moja kwa siku, Jumamosi na Jumapili iwe alasiri, saa nane au saa tisa, ili wa zamu ya usiku wawe wameamka na wenye watoto waje nao, taarifa itoke wiki tatu kabla, ipelekwe misikitini, makanisani na kwenye vyama vyetu vya jamii, ambavyo vyote vina orodha za simu na vitaisambaza bure. Na nimemwomba asiiweke wiki ileile ya Film Africa. Januari ipo. Machi ipo. Filamu ya Kiswahili haiharibiki ikionyeshwa Machi.

Nanyi mlioko hapa, nina neno nanyi. Likikubaliwa hili, msisubiri Jumapili jioni mkiulizana nani kaenda. Hesabu wanayoiangalia Jumatatu asubuhi huanzia Ijumaa, kwa hiyo nunueni tiketi mapema, kwenye ukumbi wenyewe au kwenye tovuti yao, na msiingie kwa kadi ya mwaliko kama mna uwezo wa kulipa, maana kiti cha mwaliko hakihesabiwi kwenye mapato. Walio zamu Ijumaa waje Jumamosi saa nane. Mwenye shangazi Leicester au Birmingham amwambie kuna filamu, itakuwepo kesho pia, apande basi.