Msimlaumu dada yangu kabla hajapata maji

Mwaka wangu wa kwanza hapa Leeds, Uingereza, nilishikwa na kikohozi kilichoninyima usingizi wiki nzima. Nikaenda kwa daktari nikitegemea kurudi na amoksilini, dawa ya kuua bakteria. Alinipima kifua, akasema ni virusi, nikapumzike na kunywa maji mengi. Nilitoka pale nimeudhika. Kwetu Manyatta, Kisumu, ningeingia kwa kemisti, niseme "nipe za mia," niondoke na kapsuli chache ndani ya kikaratasi. Sheria ya Kenya nayo inataka cheti cha daktari, lakini sote tunajua inavyokwenda.

Daktari yule alikuwa sahihi. Viuavijasumu, yaani dawa za bakteria, haviui virusi, na dozi iliyokatwa inaweza kuua bakteria wanyonge tu, wale sugu wakabaki kuzaana. Mwanasayansi Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya hivyo alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Ila huniuma sana nikiwasikia Wakenya wenzangu wa huku wakisema watu wa nyumbani wanameza dawa kama njugu. Daktari wangu aliweza kuninyima kapsuli kwa sababu nikifungua mfereji, maji safi hutoka usiku na mchana. Dada yangu hununua maji kwa mtungi wa lita 20, na mtungi huohuo ndio wa kupikia, kufulia nepi na kunywa. Mwanawe akiendesha mara tatu kwa mwaka, basi ni safari tatu za kemisti, na kila safari hurudi na dawa ya bakteria, ingawa mara nyingi mtoto huyo alihitaji maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, na zinki tu. Tumbo lisipouma, hakuna dozi ya kukatwa.

Na tuna mila ambayo sijaikuta huku: mtoto anapita na birika na beseni, kila mtu ananawa kabla ya kugusa ugali. Wenzangu kazini hula mkate kwa mikono iliyotoka kwenye kompyuta. Pengo letu ni sabuni, maana mezani tunamwagia maji matupu, na baada ya kumtawaza mtoto wengi hatunawi kabisa. Dada ameweka kibuyu chirizi, yaani mtungi wa kunawia unaoinamishwa kwa mguu, kando ya choo, na karibu yake chupa ya maji yaliyokorogwa sabuni ya unga, kifuniko kimetobolewa. Kipande cha sabuni kilikuwa kikibebwa na kunguru. Chupa ipo hadi leo. Wala hahitaji sabuni ghali ya "kuua viini". Marekani ilipiga marufuku triklosani, kemikali ya kuua bakteria, kwenye sabuni za kunawia mwaka 2016, watengenezaji waliposhindwa kuthibitisha kwamba inaishinda sabuni ya kawaida.

Maji ya kunywa huyatia klorini, kisha huyaweka kwenye ndoo yenye mfuniko na koki, ili vikombe na vidole visichovywe humo.

Nilizoea kumtumia pesa za dawa za mtoto. Mwezi uliopita nimetuma za tangi la lita 500 la kukinga mvua. Fundi anakuja Jumamosi kufunga gata.