Ulikuwa unangoja nini? Nilikuwa natafuta kiatu

Nesi aliponiona nashushwa kwenye bajaji na mtoto kifuani, kitovu bado hakijakatwa, neno la kwanza lilikuwa "mama, hii si mimba ya kwanza, ulikuwa unangoja nini?" Sikumjibu, nilikuwa natetemeka mwili mzima. Ila swali limenikaa kichwani mwezi wa tatu sasa na jibu ninalo, nilikuwa natafuta kiatu cha mtoto.

Ngoja nieleze. Tunakaa Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam, ndani ndani kule ambako masika ikikolea bajaji zenyewe zinakataa kuingia. Baba watoto alikuwa Morogoro kikazi anarudi Ijumaa, na kadi ya kliniki ilikuwa inasema bado wiki 2. Nina wa miaka 5 na mwingine wa miaka 2 na nusu. Sasa mwenye watoto wa umri huo kiuno kinamuuma kila siku ya Mungu, huyu umembeba, yule umeinama unamwogesha, umefua, umedeki, hivi utajuaje kwamba maumivu ya leo siyo yale ya jana? Saa 8 usiku niliamka nikaenda chooni nikarudi kulala zangu. Saa 9 kasoro yakawa yanakuja kila baada ya dakika 4, ndo akili ikanirudi.

Wa kwanza uchungu ulinichukua tangu alfajiri mpaka usiku, wa pili masaa 6. Nikapiga hesabu nikaona huyu atanipa kama masaa 4 hivi, nafika bila presha. Kumbe mwenzangu ana hesabu zake, tangu lile la chooni mpaka analia hata masaa 2 hayakufika. Wataalamu ukizaa ndani ya masaa 3 wanasema huo ni uchungu wa kasi, na sisi tuliokwisha kuzaa ndo unatupata zaidi, njia inafunguka upesi.

Nimeshapiga simu bajaji inakuja, mkoba upo mlangoni, umeme umekatika, yule mdogo kaamka anataka viatu vyake vinavyowaka taa, kimoja hakipo. Bila viatu haendi kwa jirani, anajitupa chini analia, na mimi nimeshika kochi kwa mkono mmoja mwingine unapapasa chini ya meza. Ndo hapo chupa ikapasuka, juu ya mkeka.

Kilichoniokoa ni jirani yangu muuza vitumbua, saa hizo huwa macho anakaanga. Mikono ina unga, kaingia. Mkubwa wangu akapewa kazi ya kumulika tochi ya simu (mpaka leo shuleni anasema yeye ndo kamzalisha mama). Yule mama akamkausha mtoto kwa khanga, akamlaza kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, akatufunika na khanga 2 juu. Wakaja na wengine, mmoja anataka wembe akate kitovu, akamkatalia kabisa, "acha hivyo hivyo, watakata huko huko." Na alikuwa sahihi, kitovu hakina haraka hiyo, hata hospitali wanashauriwa wasubiri angalau dakika 1 kwanza, na wembe mchafu ndo unaleta pepopunda.

Wanaonipongeza eti nimezaa kirahisi naomba waache. Haraka siyo rahisi. Nilichanika nikashonwa, na damu ilitoka mpaka waliponichoma sindano ndo ikapungua. Nyumbani pale tungefanya nini?

Sasa maoni yangu. Kliniki niliulizwa vizuri tu, hela umeandaa, usafiri upo, nani atakusindikiza, nani atabaki na watoto. Nikajibu baba yao, nesi akatiki, tukasonga mbele. Hilo swali halitakiwi kutikiwa kirahisi hivyo, liulizwe kwa saa: saa 9 usiku, baba yao hayupo, watoto wamelala, nani? Siku hizi kuna namba 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura ya uzazi, unapiga bure, na niliijua. Lakini gari likija hata kwa dakika 5 bado kuna mtoto mlangoni kashika gauni lako anasema na mimi naenda.

Na ndugu zetu tuambiane ukweli. Mtoto akishazaliwa nyumba inajaa, mama mkwe huyu hapa, wifi huyu hapa, supu, uji wa pilipili manga, maji ya moto, arobaini nzima unahudumiwa kama malkia na nawashukuru sana. Ila wiki ninayomtaka mtu alale kwangu ni ile kabla. Mama mkwe mwenyewe nilimwomba aje mapema akaniambia mwanangu nije kufanya nini na hujazaa? Simlaumu, ndivyo wote tunavyofanya. Lakini mimba ikishafika wiki 36 na ndani kuna watoto wadogo, mtu aje na begi lake. Hata asipike. Akae tu awe mtu mzima wa pili ndani ya nyumba.

Kiatu tumekipata juzi, nyuma ya friji, na taa bado inawaka.